Mkono wa Kushoto

Saa nne asubuhi na dirisha bado jeusi.
Hapa Ísafjörður milima imesimama kifua mbele,
na jua, tangu mwisho wa Novemba,
linapita nyuma yake bila hata kubisha hodi.
Nawasha taa ya meza, natia kahawa,
nahesabu vitanzi kwenye sindano: themanini na nane.
Nahesabu tena: themanini na saba.
Kimoja amekwenda nacho Grautur.

Grautur ni paka wa rangi ya uji uliolala,
mnene, hana haya.
Mwenzake, Skotta, ni mweusi, mwembamba kama mkato,
na kama mkato hukaa pale sentensi inapotaka kupumua,
yaani juu ya ukurasa ninaousoma.

Donge la sufu limebingirika chini ya kitanda.
Mtaka cha mvunguni sharti ainame;
hawakusema lolote kuhusu magoti ya miaka sitini na tisa,
wala kuhusu mnyama aliyefika kule kabla yako
na sasa anakutazama kama mpangaji
aliyelipa kodi ya mwaka mzima.

Miaka thelathini na mmoja nilikuwa maktaba ya mji,
nikigonga mihuri ya tarehe za kurudisha.
Nilipostaafu walinipa saa ya ukutani
na ruhusa ya kuchukua vitabu vilivyokataliwa:
vyenye doa la chai, vilivyopoteza jalada.
Kimoja hakina sura ya mwisho, nacho nakipenda kuliko vyote,
maana kila majira ya baridi nakimalizia mwenyewe.

Nakilaza kitabu wazi mbele yangu,
nakibana kwa kijiko na chupa ya haradali,
mikono inafuma, macho yanasafiri.
Dada yangu husema siwezi kufanya yote mawili.
Kweli, siwezi. Ila mikono nayo husoma:
harusi ikinoga, vitanzi vinalegea;
mtu akifa, uzi unakaza.
Nipe sweta yoyote niliyofuma
nikuonyeshe kwa kidole: hapa mgongoni waliiba farasi,
hapa kwapani mjane aliikuta barua,
hapa kiunoni palikuwa na maelezo marefu ya hali ya hewa,
nikasinzia, ndiyo maana pana tundu.

Wiki iliyopita Hergils alipiga simu kutoka Akureyri.
Mjukuu wangu huyu ni fundi umeme, hasemi mengi.
"Bibi, sweta ni nzuri. Ina joto.
Ila mkono wa kushoto unabana,
hapa kwenye kiwiko. Siwezi kukunja."

Nikanyamaza. Ningemwambiaje?
Kiwikoni ndipo nahodha alipozama,
kurasa kumi na nne, usiku kucha,
kahawa ikapoa sijaigusa,
na Skotta amekalia jina la aliyemsukuma.

"Nirudishie," nikasema. "Nitaufumua."

Ilifika juzi kwa posta, inanuka waya na sigara za mtu mwingine.
Nikaukata mkono begani, nikavuta.
Kufumua ni kusoma kinyumenyume:
nahodha anaibuka, maji yanarudi baharini,
anavaa kofia, anashuka ngazi,
anaketi mezani kuagiza supu ya kondoo
na hajui lolote.

Uzi ulitoka na mawimbi, umezoea umbo lake.
Niliuosha, nikautundika bafuni na kufuli kizito chini yake
hadi ukasahau.

Leo natafuta rafuni kitabu cha kufumia mkono upya.
Cha mapenzi hapana, utapwaya.
Cha vita, asikukunje hata kidole.
Nimepata cha ufugaji wa ng'ombe,
cha mwaka wa hamsini na nne, chenye michoro ya viwele.
Hafi mtu humo, isipokuwa ndama mmoja,
kwenye tanbihi, ukurasa wa sitini. Nitauruka.

Wiki ijayo jua litachungulia juu ya mlima,
dakika chache tu, na mji mzima utakaanga chapati nyembamba
na kunywa kahawa kwa heshima yake.
Nataka linikute nimefika kiwikoni.

Lakini Grautur ameshalala juu ya ng'ombe.
Anakoroma. Tumbo linapanda, linashuka,
halikazi, halilegei,
kama mtu ambaye hajawahi kuanza hadithi.
Namwacha.
Nashika sindano, nafuma kwa pumzi yake:
kitanzi, kitanzi,
na kimoja cha akiba, atakachoondoka nacho.